Fedha Zikishuka, Uamuzi Nao Ushuke



Kila mwezi Juni, bajeti ya Serikali inaposomwa Dodoma, wengi wetu tunatega sikio kusikia bei ya mafuta, ya soda na ya bia, na ada ya hiki na kile. Ni haki yetu. Lakini lipo swali moja ambalo mara chache utalisikia kijiweni, au hata nje ya kanisa watu wanaposalimiana baada ya Misa: katika fedha zote hizo, kiasi gani kitashuka hadi halmashauri, kata na kijiji? Na kikishafika huko, nani ataamua kitumike vipi?

Makala hii inahusu zaidi nusu ya pili ya swali hilo. Ninavyoona mimi, Tanzania tumejifunza kwa kiasi fulani kushusha fedha, ila bado hatujajifunza kushusha uamuzi. Na aliye chini anapojikwaa, tunakuwa wepesi kumnyang'anya kuliko kumsaidia asimame. Kwa Mkatoliki jambo hili haliwezi kuachwa kwa wachumi peke yao, kwa sababu linagusa moja ya nguzo za mafundisho jamii ya Kanisa.

Auni maana yake msaada

Nguzo hiyo ni kanuni ya auni. Papa Pius XI aliieleza mwaka 1931 katika waraka wake Quadragesimo Anno, miaka 40 baada ya Rerum Novarum ya Papa Leo XIII. Kwa maneno mepesi, anafundisha kwamba jambo ambalo mtu binafsi au jumuiya ndogo inaweza kulifanya kwa nguvu zake yenyewe, jumuiya kubwa isilichukue. Kulichukua ni kosa dhidi ya haki, hata kama mkubwa angelifanya kwa haraka zaidi.

Neno lenyewe linatufundisha. Auni ni msaada. Msaada wa kweli humwacha anayesaidiwa akiwa bado mtendaji. Baba anayemfundisha mwanae kulima hushika naye jembe, hamfukuzi shambani kwa sababu tuta limepinda. Papa Benedikto XVI aliongeza jambo muhimu mwaka 2009 katika Caritas in Veritate: auni isitenganishwe na mshikamano. Auni bila mshikamano huzaa ubinafsi, kila kijiji na lwake. Mshikamano bila auni huzaa misaada inayomdhalilisha mpokeaji. Mawazo haya mawili tutayahitaji yote.

Sisi tunaosoma falsafa tunaweza kumwita shahidi mwingine, wa kale zaidi. Katika kitabu chake cha Siasa, Aristotle anatetea hukumu ya watu wa kawaida kwa kutukumbusha kwamba anayeishi ndani ya nyumba huijua kuliko fundi aliyeijenga, na mgeni mwalikwa ni hakimu bora wa karamu kuliko mpishi. Mama anayetembea saa mbili kwenda zahanati, mtoto akiwa mgongoni, anajua jambo kuhusu zahanati ile ambalo ofisa mipango aliye Dodoma hawezi kulijua hata akiwa na shahada tatu. Tatizo la ofisa huyo si akili. Yeye hayupo pale, basi.

Tulikotoka

Nchi yetu imewahi kujaribu njia nyingine. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa, na za miji zikafuata baadaye kidogo. Mpango ule uliitwa Madaraka Mikoani, lakini madaraka yaliyoshuka yalikuwa ya maofisa wa Serikali Kuu waliopelekwa mikoani, huku wawakilishi waliochaguliwa na wananchi wakikosa chombo chao. Huduma za miji zilidorora, na mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Kisha zikaja sheria za mwaka 1982, na halmashauri za wilaya zikaanza kazi tena mwaka 1984.

Katika mahojiano ya mwaka huohuo wa 1984, Mtumishi wa Mungu Mwalimu Julius Nyerere alikiri kwamba kama angeanza upya, kuna mambo mawili asingeyafanya: kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Kiongozi aliyekuwa bado madarakani alisema hadharani kwamba kumwondolea mdogo chombo chake ilikuwa kosa. Tunapomwombea atangazwe mwenye heri, tukumbuke pia somo hili alilotuachia.

Leo Katiba yetu, katika ibara ya 145 na ya 146, inatamka kuwepo kwa serikali za mitaa, na inasema lengo lake ni kuwapelekea wananchi madaraka. Tanzania Bara ina halmashauri 184. Maandishi tunayo. Kilichobaki ni utekelezaji.

Fedha zinazokuja na maelekezo

Tuangalie mfuko wa halmashauri ya kawaida. Sehemu kubwa ya fedha zake hutoka Serikali Kuu, na kubwa kuliko zote ni mishahara ya walimu, wauguzi na watumishi wengine. Halmashauri haiwezi kuigusa kwa kazi nyingine, na ni sawa. Halafu kuna fedha za miradi, ambazo hushuka zikiwa tayari na jina: hizi ni za madarasa, hizi za kituo cha afya, hizi za mabweni. Baada ya hapo yako mapato ya ndani: ushuru wa mazao, ushuru wa masoko na stendi, ushuru wa huduma, leseni na vibali. Humo nako asilimia 10 ni ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kwa mujibu wa sheria, na sehemu nyingine imeshaelekezwa kwenye miradi ya maendeleo. Diwani anayeingia kwenye kikao cha bajeti hukuta mengi yameshaamuliwa.

Vyanzo vyenyewe navyo vimekuwa vikipungua. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa, na sina hamu hata kidogo irudi. Wazee wetu wanakumbuka watu wakikimbilia porini kuwakwepa wakusanya kodi, na mizizi yake inarudi hadi kodi ya kichwa ya wakoloni. Mwaka 2016 kodi ya majengo ilihamishwa kutoka halmashauri kwenda TRA, na tangu 2021 tunailipa kupitia LUKU. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alipata nafuu ya haki kabisa. Lakini halmashauri ya vijijini isiyo na kiwanda wala stendi kubwa ilibaki na nini?

Majukumu pia yamepanda juu. Barabara za vijijini na mijini zilikwenda TARURA mwaka 2017, na maji ya vijijini yakaenda RUWASA mwaka 2019. Ziko sababu za kitaalamu, na zipo barabara na visima vilivyopatikana. Lakini mwanakijiji ambaye daraja lake limesombwa na mvua akimwendea diwani aliyemchagua, diwani humjibu kwamba naye ameandika barua na anasubiri.

Mfano unaonifikirisha zaidi ni wa madarasa ya mwaka 2021. Serikali ilipata mkopo wa takriban Sh trilioni 1.3 kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000 nchi nzima. Fedha zilipelekwa chini, kamati za wenyeji zikanunua vifaa na kutafuta mafundi, na kwa miezi michache tu madarasa yakasimama. Tuliambiwa miaka mingi kwamba watu wa chini hawana uwezo wa kusimamia fedha. Kumbe uwezo upo! Ila uamuzi wa nini kijengwe ulitoka juu, na kiwango kilikuwa Sh milioni 20 kwa darasa. Simenti inayovushwa kwa boti hadi kisiwa cha Ukara haiwezi kuwa na bei moja na simenti ya Tanga ambako kiwanda kipo. Na je, kijiji ambacho shida yake kubwa ilikuwa nyumba ya mwalimu kiliulizwa?

Kijiji kikipewa fedha na maelekezo kamili, kinakuwa tarishi. Kinapeleka mzigo wa mwingine.

Pale uamuzi uliposhuka

Nisiwe mtu wa kulalamika tu, kwa maana kuna mahali tumefanya vizuri. Tangu Januari 2016, elimu bila malipo ilipoanza, fedha za uendeshaji hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya nazo huenda moja kwa moja kwenye akaunti za vituo vya afya na zahanati. Kabla ya hapo zilikaa wilayani, na zahanati ilisubiri kugawiwa. Sasa zahanati ina akaunti yake, ina mpango wake wa mwaka, na ina kamati ya usimamizi ambayo ndani yake wamo wananchi.

Likizo moja nikiwa nyumbani nilimsikiliza mama mmoja wa jumuiya yetu ambaye ni mjumbe wa kamati ya namna hiyo. Aliniambia, "Frateri, zamani tulikuwa tunaitwa kusaini. Siku hizi tunabishana." Walibishana juu ya nini? Mganga alitaka kabati la dawa. Akina mama wakasema kwanza betri za sola, kwa sababu wanajifungua usiku kwa tochi ya simu. Betri zikanunuliwa, kabati likasubiri robo iliyofuata. Fedha yenyewe haikuwa nyingi. Lakini katika ubishi ule niliona auni ikiishi: fedha za Taifa, utaalamu wa mganga, na uamuzi wa wale wanaobeba mzigo.

Na wizi je?

Hapa ndipo wengi watanipinga, na wana hoja. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeeleza mara kwa mara juu ya makusanyo yasiyopelekwa benki, mashine za kukusanyia ushuru zinazozimwa, na mikopo iliyotolewa kwa vikundi hewa. Kushusha fedha zaidi, watasema, ni kushusha wizi karibu na wezi.

Sikatai kwamba wizi upo. Ninachopinga ni dawa tunayoitumia. Aprili 2023, baada ya ubadhirifu katika ile mikopo ya asilimia 10, utoaji wake ulisitishwa nchi nzima, ukarudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Yawezekana utaratibu mpya ni bora. Lakini katika kipindi chote hicho, kikundi cha akina mama kilichokopa na kurejesha kwa uaminifu kiliadhibiwa pamoja na kikundi hewa. Mwizi alikuwa na jina na ofisi. Adhabu ilikwenda kwa watu wasio na ofisi.

Tena wizi haupo chini peke yake. Ukifanyika juu hatusemi "tuondoe wizara". Tunasema mhusika ashitakiwe. Kwa nini kijiji kisipewe heshima hiyohiyo?

Mtume Paulo anatupa njia nyingine. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8, anapanga mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Ni fedha nyingi, na anajua maneno ya watu. Haachi kukusanya, wala hazibebi peke yake ili awe na uhakika. Anamtuma Tito pamoja na ndugu wengine walioaminiwa na makanisa, ili mambo yaonekane kuwa safi mbele ya Bwana na mbele ya watu pia. Dawa ya Paulo ni macho mengi.

Macho hayo sheria imeshatupa. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, na unapaswa kukutana angalau kila miezi mitatu. Hapo ndipo mapato na matumizi husomwa. Tuulizane kwa uaminifu: kijijini kwako umefanyika mara ngapi mwaka huu? Ulihudhuria? Taarifa ilisomwa, au mtendaji alisema itabandikwa ubaoni na ubao haukuonekana? Fedha inayoshuka bila daftari kushuka nayo ni kishawishi. Daftari likishuka na kusomwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, mbele ya watu wanaojua bei ya bati na ya tofali, mwizi hupata kazi ngumu kuliko kumdanganya mkaguzi anayekuja mara moja kwa mwaka.

Mwenye nacho na asiye nacho

Kuna pingamizi la pili, la haki zaidi. Tukiachia kila halmashauri itumie chake, Ilala itapaa na Kakonko itabaki palepale. Papa Benedikto alituonya: auni bila mshikamano ni ubinafsi. Kwa hiyo sitetei kila mmoja ale alichovuna. Taifa lazima likusanye kwa wenye nacho na kugawa kwa wasio nacho.

Tulishakuwa na kanuni nzuri ya kugawa. Kuanzia mwaka 2004/05 ruzuku zilianza kupangwa kwa fomula. Kwa afya, kwa mfano, asilimia 70 ilifuata idadi ya watu, na asilimia 30 iliyobaki ikafuata umaskini, vifo vya watoto chini ya miaka mitano, na umbali ambao gari la huduma za afya husafiri. Ilikuwa fomula yenye huruma ndani yake. Shida ni kwamba fedha nyingi ni mishahara, na mshahara humfuata mtumishi. Muuguzi asipokwenda pembezoni kwa kukosa nyumba na umeme, fungu la pembezoni hubaki mjini pamoja naye. Fomula ikabaki kwenye karatasi.

Majirani zetu wa Kenya waliandika katika Katiba yao ya mwaka 2010 kwamba kaunti zote kwa pamoja zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya Taifa. Nao wana malalamiko ya fedha kuchelewa na ya ubadhirifu. Lakini gavana hahitaji kubahatisha kama mwakani kutakuwa na mgawo. Sisi tunaweza angalau kufanya jambo moja: kila halmashauri, na kila kijiji, kiwe na fungu dogo la uhakika, lisilo na jina la mradi, ambalo wananchi wenyewe watalipa jina. Liwe kubwa zaidi kwa walio maskini zaidi. Likaguliwe na lisomwe mkutanoni.

Na sisi Kanisani?

Itakuwa rahisi kumalizia hapo na kuinyoshea Serikali kidole. Lakini mtu akitusikia tukihubiri auni, ana haki ya kutazama parokia zetu.

Tumejenga Kanisa la Jumuiya Ndogo Ndogo, ambalo maaskofu wa AMECEA walilifanya kipaumbele chao tangu miaka ya 1970. Zaka hukusanywa katika jumuiya. Michango ya kulitegemeza jimbo hukusanywa katika jumuiya. Mbuzi na mahindi ya mavuno hutoka katika jumuiya. Fedha hupanda kwa utaratibu mzuri kabisa: jumuiya, kigango, parokia, jimbo. Je, uamuzi hushuka kwa ngazi zilezile? Kipo kigango kinachopeleka sadaka kila Dominika kwa miaka mingi, na bado kinaomba ruhusa ya kununua bati tatu za kuziba paa linalovuja kwenye altare.

Sheria ya Kanisa haikosi mwongozo. Kanuni namba 537 inadai kila parokia iwe na halmashauri ya fedha ambamo waamini humsaidia paroko kusimamia mali. Kanuni namba 1287 inawataka wasimamizi watoe hesabu kwa waamini juu ya mali ambazo waamini wenyewe wamelitolea Kanisa. Ziko parokia zinazofanya hivyo vizuri: mapato ya Dominika iliyopita husomwa katika matangazo, na taarifa ya mwaka hubandikwa mlangoni. Huko michango haipungui. Mtu aliyeona bati lake juu ya paa hutoa tena.

Ndugu zangu mafrateri, sisi ndio tutakaokuwa maparoko kesho. Kishawishi chetu kitakuwa kilekile cha ofisa: kuona kwamba tunajua zaidi, kwamba walei watachelewesha, kwamba mzee wa kigango hajui kuandika bajeti. Inawezekana hajui. Basi tumfundishe, tukae naye na kalamu. Ndiyo maana ya auni. Tukianza kuwaamini watu kwenye kigango, watajifunza kudai hesabu kijijini pia, kwa sababu ni watu walewale, wanaokaa kwenye mabenchi yaleyale.

Nanyi waamini, mkutano mkuu wa kijiji ukitangazwa, nendeni. Paroko ausome katika matangazo ya Dominika kama tunavyosoma ya harusi na ya kwaya, bila kutaja chama wala mgombea. Mwenyekiti wa jumuiya awakumbushe wanajumuiya siku moja kabla. Mkifika, ombeni kwa heshima mambo mawili: taarifa ya mapato na matumizi isomwe, na jambo moja angalau liamuliwe na ninyi wenyewe, hata kama ni dogo kama betri za zahanati. Robo inayofuata, ulizeni lilifikia wapi.